Kabirika na Marando ya Umutesi

Siku ile watu walipokimbia vita kutoka Kibumba, wengine walibeba magodoro, wengine masufuria, na mzee mmoja alijitwika mlango wa nyumba yake, mlango mzima na komeo lake. Katungu alibeba marando. Aliyakata shambani mbio mbio, yale mashina marefu ya viazi vitamu ambayo mtu akiyapanda huota upya, akayafunga katika kitenge kilicholoweshwa maji na kuyaweka mgongoni, pale ambapo mwanamke hubeba mtoto. Njia nzima watu waliotembea naye walimwuliza mtoto ana miezi mingapi. Alipofunua kitenge wakaona majani, walicheka, hata wale waliokuwa wakilia tangu asubuhi.

Aliyekosa kucheka ni Émérance, mke wa mwanawe Paulin. Émérance alikuwa nyuma yake na mashine ya kushona kichwani, shingo imekaza kama kamba.

"Mama," alisema, "watu banabeba mali. Weye unabeba chakula ya mbuzi."

Katungu aliongeza mwendo. Alikuwa akisikiliza maji yakimtiririka mgongoni, akihesabu ni saa ngapi kitenge kitakauka.

Sasa ni miaka mitatu. Parsele waliyopata Ndosho, kiwanja kidogo katika mtaa wa pembeni mwa Goma, kati ya karakana ya wachomeaji vyuma na nyumba ya mbao ya jirani yao Saumu, ilikuwa mawe matupu. Mtaa huo umekaa juu ya moto wa volkano uliopoa. Ukitaka kusimika nguzo ya kamba ya nguo utavunja sururu kabla ya kupata shimo. Udongo wa Katungu ulikuja kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo vijana huisukuma barabarani na mizigo ya kutisha. Mifuko kumi na minne ya udongo mweusi. Aliumwaga mbele ya nyumba, akauzungushia mawe, ukawa kama kitanda cha mtu mrefu. Humo akalaza marando yake, nayo yakashika. Paulin alikaa nao miezi minne, akaona kazi haiko, akapita mpaka wa Bunagana kwenda Uganda kuitafuta. Sauti yake ilikuwa ikija katika simu mara moja kwa mwezi. Tangu Pasaka haikuja tena.

Ili kujua kwa nini Katungu aliyatunza marando hayo namna hiyo, ni lazima kurudi asubuhi moja ya zamani, alipokuwa na miaka kumi na tisa.

Alizaliwa milimani upande wa Butembo, binti wa mfanyabiashara wa vitunguu. Harelimana alikuwa dereva wa lori la vitunguu hivyo, kijana wa Kibumba mwenye vidole virefu na kicheko kilichosikika kupita honi. Walioana, akamleta kwao, ambako watu walisema Kinyarwanda. Kinyarwanda cha Katungu kilikuwa maneno matatu, yote ya salamu. Asubuhi ya kwanza mama mkwe wake, Umutesi, mwanamke mfupi asiyependa maneno, alimngojea mlangoni akiwa na fungu la marando mikononi. Katungu akalipokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa kwao, akasema aksanti.

Uso wa Umutesi ulijifunga. Alilichukua tena lile fungu, akaliweka chini, akarudi nyuma hatua mbili na kusubiri. Mawifi walikuwa wakijiziba midomo. Mpaka Katungu alipoinama na kuliokota mwenyewe, kimya, ndipo Umutesi alipotabasamu na kumwonyesha njia ya shamba.

Baadaye, lugha ilipoanza kueleweka, Umutesi alimweleza. Marando hayauzwi. Hayashukuriwi. Na mtu akikuomba, huna ruhusa ya kumnyima, awe rafiki au adui. Ukisema aksanti umeyafungia mlango, yanadhani yamefika, hayatataka kwenda tena. "Marando ni ya kutembea," alisema. "Mimi nilipewa na mama mkwe wangu, yeye alipewa huko alikotoka. Hakuna anayejua yalianza kwa nani."

Mambo ya kiwavi aliyajua msimu uleule. Alikuwa akipalilia, akamwona juu ya shina: mnene kama kidole gumba, wa kijani kibichi, na pembe moja iliyopinda, si kichwani ila mkiani. Alikuwa amekula majani mpaka vikonyo. Katungu akainua jembe.

"Mume wako iko wapi?" Umutesi aliuliza.

"Iko njiani, mama. Iko Bunagana."

"Basi acha."

Katika nyumba ile hakuna aliyeponda kiwavi wa pembe wakati mtu wa nyumba yuko safarini. Na kwa kuwa Harelimana alikuwa safarini siku zote, viwavi wa Umutesi walinenepa bila hofu. Mwaka baada ya mwaka Katungu aliwatazama, mwishowe akawafahamu kama mtu anavyofahamu ratiba ya misa. Jioni, mvua zikikaribia, nondo wakubwa wa kijivu huja. Huelea mbele ya maua meupe bila kutua, mabawa hayaonekani kwa kasi, ulimi mrefu kuliko mwili umezama ndani ya ua. Huacha yai moja hapa, jingine pale, chini ya jani, dogo kama punje ya ulezi. Siku chache na hutoka kitu chembamba kama uzi, tayari kina pembe yake. Kinakula, kinavua ngozi, kinakula. Baadhi yao hubaki kijani na wengine hugeuka kahawia, kana kwamba mama zao ni tofauti. Wiki tatu, au nne kukiwa na baridi. Halafu siku moja kiwavi anaacha kula. Anashuka chini na kutembea haraka, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha kitu motoni. Anatafuta udongo laini. Akiupata, anasukuma kichwa, anazama, shimo linajifunga.

Huko chini anavua ngozi ya mwisho, na kinachobaki watoto wa Kibumba walikiita kabirika. Ni kitu cha kahawia kinachong'aa, urefu wa kidole, na mbele yake kuna mkono uliopinda kama mkono wa birika la chai. Ndani ya mkono huo umekunjwa ulimi wa nondo ajaye. Wakati wa kuvuna viazi jembe huwafukua. Unamshika kabirika kwa vidole viwili upande wa kichwa, na kumwuliza juu ya mtu aliye mbali. Mkia wake unazunguka, halafu unasimama upande mmoja. Huko ndiko aliko. Ukishajibiwa unamrudisha chini, kina kilekile ulichomkuta, na hakuna kumwuliza mara mbili.

"Papa iko wapi?" Paulin alikuwa akiuliza, mdogo, amechuchumaa kati ya matuta, kamasi puani. Mkia ukielekea Rutshuru, njia ya mpakani, Harelimana yuko Bunagana anapakia. Ukielekea Goma, amekaribia nyumbani, na Umutesi alipaza sauti toka jikoni: "Teleka maji ya chai!" Na maji yaliwekwa motoni, mengi, ya mtu anayekuja na utingo wake.

Harelimana aliwacheka wote. "Ile siku mulisema niko Bunagana," alisema, "nilikuwa Goma, na fimbo ya biliadi mukononi." Lakini ni yeye huyohuyo aliyesimulia kwamba jioni fulani za mwanzo wa mvua, katika tambarare ya Rutshuru, nondo hao hupita mbele ya taa za lori, wengi, wote upande mmoja kama watu wa msiba mmoja. Alisimama, akazima injini, akangoja wapite. Alipofika nyumbani aliosha kioo kwa sabuni na hakutaka mtu amsaidie.

Mwalimu mmoja aliyepanga chumba kwao aliwaambia kwamba nondo hao wanasafiri mbali kuliko lori lolote. Wanavuka maziwa, wanavuka jangwa, wengine wanafika Ulaya.

"Na huko wanakula marando ya nani?" Umutesi aliuliza.

Mwalimu alicheka, akasema huko wanakula magugu yenye undugu na viazi vitamu. Na wanaozaliwa huko, baridi ikianza, hujaribu kurudi, ingawa hakuna aliyewaonyesha njia. Umutesi alikaa na kisu na kiazi mkononi bila kumenya, mpaka moto ukapungua.

Harelimana alikufa kwa ugonjwa wa ini, kitandani mwake. Umutesi alimfuata mwaka ule ule. Katungu alibaki na shamba lake, na marando, na viwavi wake.

Sasa, katikati ya Julai, simu ililia Ndosho. Alikuwa Lévi, mdogo wa Harelimana, ambaye alikuwa ametangulia kurudi Kibumba.

"Shemeji, watu ya familia wamekaa," alisema. "Shamba yako imekuwa pori, na kuna batu banaitaka. Mimi nimesema unakuya. Wamenipa mupaka mvua ya pili. Ikipita na shamba haijapandwa, wanaipatia mutu mwengine."

"Nitakuya na nini, Lévi? Mikono mitupu?"

"Kuya na viazi ya mama. Huku imeisha, shemeji. Mbuzi, vita, sijui. Hakuna hata shina moja."

Usiku huo Katungu hakuhitaji kupiga hesabu mara mbili. Shamba lilitaka mafungu thelathini. Kitanda chake cha udongo, kikitunzwa hadi katikati ya Septemba, kingetoa thelathini, labda na mawili zaidi. Kwa hiyo hakuna shina la kupoteza. Na kwa kweli hakuwahi kumpa mtu hata moja. Hilo ndilo lililomchoma. Kwa miaka mitatu majirani walikuwa wakimwomba, naye aliwajibu kwamba bado hayajakomaa. Saumu alimwomba mara tatu. Saumu, mama wa Nasiba, mjane kama yeye, Mwislamu ambaye babu zake walikuja na biashara toka Maniema, alionjeshwa viazi hivyo katika mavuno ya kwanza, akasema hajala kitu kitamu namna hiyo tangu harusi yake. Mara tatu Katungu alimwambia hapana, na kila mara aliona uso wa Umutesi ukijifunga.

"Tukirudi nitawapa watu wote," alijiambia. "Kwanza turudi."

Viwavi walitokea wiki ya kwanza ya Agosti. Aliona kwanza kinyesi chao juu ya mawe, vipande vyeusi kama pilipili manga. Akainua jani, na pale alikuwapo, pembe mkiani, kichwa juu kama anayesali. Katungu alipiga magoti. Moyo wake ulifanya jambo la ajabu: ulifurahi. Katika mji huu wa mawe na moshi wa wachomeaji, nondo mmoja alikuwa amepita juu ya mabati yote na kuyaona majani ya Umutesi.

Émérance aliona kitu kingine. Alitoka na mkasi wa kazi mkononi, pini midomoni.

"Mama, hii kitu inakula Kibumba."

"Naona."

"Basi kanyaga."

"Paulin iko njiani."

Émérance alitoa pini midomoni moja moja. "Paulin iko Uganda. Haiko ndani ya tumbo ya mududu. Shamba ikienda kwa batu bengine, akirudi utamwambia nini? Ulikuwa unachunga viwavi?"

Hilo lilikuwa kweli. Lakini Katungu hakukanyaga. Alichukua beseni, akawaokota mmoja mmoja, arobaini na mmoja. Kati ya parsele yake na ya Saumu kulikuwa na ukuta mfupi wa mawe, umefunikwa na mmea wa mwituni wenye maua ya zambarau yanayofunguka asubuhi, mmea ambao jani lake na la kiazi kitamu ni ndugu kabisa. Aliwapandisha huko. Walisita, wakaonja, wakaanza kula.

"Mama Paulin!" Saumu aliita ng'ambo ya ukuta. "Unaniletea wageni bila kupiga hodi?"

"Ni wageni ya siku kidogo tu, Mama Nasiba."

"Na kwako walishiba nini, mupaka unawahamisha?"

"Uliza huyu mukwe wangu."

"Bon, sawa. Wakianza kuomba chai nitawarudisha."

Kwa wiki tatu mambo yalikwenda vizuri. Marando yalijaza kitanda, yakamwagika juu ya mawe. Kila asubuhi Katungu alinyunyiza maji, kisha akasimama ukutani kuwatazama viwavi wakinenepa kwa magugu. Alijiona mwenye akili. Alikuwa ameokoa pande zote mbili.

Kitu kimoja alikisahau, yeye aliyekijua kuliko wote.

Jumamosi ya mwisho ya Agosti, alasiri, viwavi walianza kushuka. Walikuwa wamegeuka rangi, mgongo umeiva kama nyama. Walitembea haraka juu ya mawe, wakisukuma kichwa katika kila ufa, na kila ufa ulikuwa mwamba. Mmoja alizunguka jiko. Mwingine alijaribu chini ya kiti cha Émérance, naye akapiga kelele hadi wachomeaji wakazima moto. Kwao Kibumba wangezama popote. Hapa walitembea mpaka jua likapungua, na katika eneo lote lile palikuwa na udongo mahali pamoja tu. Mmoja baada ya mwingine walipanda ukingo wa mawe wa kitanda, wakaingia kati ya mizizi ya marando, wakazama.

Katungu aliwatazama wote. Alikumbuka barabara ya Goma siku ile, yeye na kitenge chake kikikauka, mawe pande zote, akiwauliza watu wapi mtu anaweza kupata udongo, na watu wakimtazama kama kichaa. Aliwaacha waingie. Akalala na amani.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Alikwenda misa na Émérance. Waliporudi, kuku saba wa Saumu walikuwa juu ya kitanda.

Kuku hawala marando. Walikuwa wakifuata viwavi. Walikuwa wamechakura udongo tangu saa mbili, kwa miguu yote, na kila walipomfukua mmoja waligombana juu yake na kuvuta mashina huku na huku. Udongo ulikuwa umetapakaa hadi barabarani. Marando yalilala juu ya mawe, yamekatika, mizizi juani, mengine yamesokotwa kama nywele zilizong'olewa.

Émérance alifukuza kuku kwa kiatu chake cha misa. Halafu alipiga magoti na kitenge chake kizuri, akaanza kukusanya. Yaliyopona wakayahesabu pamoja: mafungu kumi na moja.

Katungu aliokota shina moja lililovunjika, akaenda nalo kwa Saumu.

"Kuku zako!" alisema mlangoni. "Mama Nasiba, kuku zako zimenimaliza."

Saumu alitoka akijifuta mikono. Alitazama shina, akatazama ng'ambo ya ukuta. Uso wake ulibadilika.

"Ingia," alisema.

"Siingii."

"Ingia, Mama Paulin. Mupaka nyuma."

Nyuma ya nyumba, kati ya ukuta wa mbao na choo, kulikuwa na chandarua kikuukuu kimetandazwa juu ya vijiti. Saumu alishika pindo, akafunua. Chini yake kulikuwa na majani yenye vidole vitatu, vikonyo vya zambarau, mazito, yamejaa kila upande. Katungu aliyatambua kama mtu anavyotambua mwendo wa mwanawe kwa mbali.



"Ulinikatalia mara tatu," Saumu alisema. "Mara ya ine sikuuliza."

"Uliiba."

"Niliiba. Jumapili, mwaka juzi. Weye ulikuwa misa, unaombea batu kama miye." Alirekebisha mtandio wake. "Mashina matano. Nikayafunika na chandarua, kuku zisiyaone. Na weye pia usiyaone."

Katungu alitaka kukasirika. Aliitafuta hasira, akakuta mahali pake pamekaliwa na kitu kingine, kicheko au kilio, hakujua. Kilipotoka kilikuwa vyote viwili, na alikaa chini juu ya jiwe akishika kiuno.

"Kata," Saumu alisema na kumpa kisu. "Uniachie tu ya kupanda."

Walikata pamoja mpaka adhuhuri ikamwita Saumu kwenye sala, na aliporudi wakaendelea. Mafungu kumi na tisa. Kumi na moja na kumi na tisa. Katungu alisimama na mzigo kifuani, mdomo ukafunguka, akaufunga.

"Hata aksanti hakuna?" Saumu aliuliza, mikono kiunoni. "Miye mwizi nina adabu kuliko weye."

"Haisemwi," Katungu alisema. "Marando haishukuriwi. Inakufa."

"Nani alisema?"

"Mama mukwe wangu."

Saumu alifikiri kidogo. "Njo maana yangu ilishika vizuri vile," alisema. "Sikukushukuru hata kidogo."

Waliondoka wiki ya pili ya Septemba. Yaani, Katungu aliondoka. Émérance alibaki na mashine yake, kwa kuwa shule zilikuwa zimefunguka na Ndosho nzima ilitaka sare za watoto. Asubuhi ya safari, walipokuwa wakisawazisha udongo uliobaki, Katungu aliwafukua kabirika watatu ambao kuku hawakuwafikia. Wawili aliwarudisha palepale. Wa tatu alimweka katika kopo la maziwa lenye udongo, kwa ajili ya safari. Gari lilikuwa barabarani, dereva akipiga honi, mafungu thelathini, yaliyolala kivulini na kunyunyizwa maji siku zote hizo, yamefunikwa na magunia mabichi.

"Mama," Émérance alisema. Alikuwa akitazama kopo. "Inashikwa namna gani?"

Katungu alimwonyesha. Émérance alimshika kabirika kwa vidole vyake vya kushona, vyepesi, akageuka kidogo ili dereva asimwone. Hakuuliza kwa sauti. Midomo tu ilicheza. Mkia ulizunguka kushoto, ukarudi kulia, ukazunguka tena, bila kusimama.

"Inasema nini? Haisimami."

Kwa miaka yote Katungu hakuwahi kuona kabirika ambaye hasimami. Alitazama ule mkia mdogo, halafu uso wa mwanamke aliyebeba mashine kichwani toka Kibumba hadi hapa bila kuitua.

"Inasema iko njiani," alisema.

Émérance aliitikia kwa kichwa. Alimrudisha kabirika ndani ya kopo, akamfunika kwa udongo, kina kilekile.

Nyumba ya Kibumba ilikuwa na kuta lakini haikuwa na mlango. Mahali pa jiko la Umutesi paliota majani. Shamba lilikuwa pori kweli, lakini Katungu alipochoma jembe, lilizama hadi mpini, na harufu iliyopanda ilimfanya asimame dakika nzima amefumba macho, kwa sababu ilikuwa harufu ya miaka kumi na tisa, ya lori lililozimwa uani, ya watoto waliochuchumaa. Mvua ya kwanza ilikuja usiku wa tatu. Alipanda siku nne, mgongo ukimwaka, Lévi akifungua matuta mbele yake.

Siku ya nne wanawake wawili waliokuwa wakirudi toka kisimani walisimama ukingoni. Hawakuwa watu wake. Mmoja hakumjua kabisa.

"Mama, hizi ni viazi ya Umutesi?" mmoja aliuliza. "Tupatie kidogo."

Lévi alinyoosha mgongo. "Shemeji, bado matuta mawili. Watu ya familia wakikuya kuangalia..."

Katungu aliyatazama mafungu mawili yaliyobaki. Aliinama, akayaweka chini kwenye njia, akarudi nyuma hatua mbili. Mwanamke yule mkubwa alimtazama machoni, akainama na kuyaokota bila neno, na Katungu akajua kwamba alikuwa wa huku tangu zamani.

Wazee wa familia walikuja baada ya mvua ya pili. Walitembea mstari kwa mstari na fimbo zao. Majani yalikuwa yamesimama, kila shina limeshika. Mwishoni mkubwa wao alisimama mbele ya matuta mawili matupu.

"Na haya, mama?"

"Yametembea," Katungu alisema.

Mzee alitafuna neno hilo. Kisha alicheka polepole, kicheko cha pua, akasema Umutesi alikuwa akijibu vilevile, na kwamba wao walikuja kuangalia shamba, nalo wameliona limepandwa. Wakaenda.

Jioni ya wiki iliyofuata, akiwa ameketi pale ambapo mlango ungekuwa, alisikia kitu kikikwaruza ndani ya kopo. Udongo uliinuka. Nondo alitoka ameloa, mabawa yake madogo kama masikio ya panya, akapanda mwimo wa mlango na kujining'iniza. Katungu hakusogea. Mabawa yalishuka taratibu, yakajinyoosha, kijivu kama gome la mti, na tumboni pete za waridi na nyeusi. Jua lilikuwa likizama nyuma ya vilima. Alipokauka alianza kutetemeka, kwa muda mrefu, kama lori linalopashwa moto asubuhi ya baridi. Kisha hakuwapo mlangoni; alikuwa juu ya matuta, akaelea kidogo mbele ya majani ya Umutesi, akapanda juu na kushika upande wa Rutshuru, njia ya Uganda.

Katungu alimfuata kwa macho mpaka giza likamchukua. Ndani ya kopo kulibaki ganda jepesi na mkono wake uliopinda. Hakumwuliza kitu. Aliinuka, akaingia ndani, akawasha moto, akateleka maji ya chai, mengi kuliko yanayomtosha mtu mmoja.